Muhula Orlando au Msimu Sandusky: Njia Mbili za Mwanafunzi wa Chuo Kufanya Kazi Kwenye Bustani za Burudani Marekani

Mwanafunzi wa chuo aliyeko Marekani anayetaka kufanya kazi kwenye bustani kubwa ya burudani ana milango mingi ya kubisha, lakini miwili ndiyo inayotofautiana kiasi cha kustahili kuwekwa bega kwa bega. Wa kwanza ni Disney College Program, mpango ambao Walt Disney World, iliyoko karibu na Orlando, Florida, imekuwa ikiuendesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambao humchukua mwanafunzi kwa miezi kadhaa mfululizo, humpa kazi na nafasi ya kupanga nyumba, kisha humwachia jina zito la kuandika kwenye wasifu wake. Wa pili ni ajira ya kawaida ya msimu, na mfano nitakaoutumia ni Cedar Point ya Sandusky, Ohio, bustani iliyofunguliwa mwaka 1870 kwenye rasi inayochomoza ndani ya Ziwa Erie, ambayo hufungua milango yake mwezi Mei, huifunga Oktoba inapomalizika au Novemba inapoanza, na kwa miongo mingi imekuwa ikijaza nafasi zake kwa wanafunzi walio likizoni.

Wasomaji ninaowafikiria ni wa makundi mawili. Kuna aliyetoka Kenya, Uganda, Rwanda au Tanzania kwa viza ya masomo ya F-1, na kuna kijana aliyeingia Marekani akiwa mtoto, pamoja na wazazi wake, kama mkimbizi kutoka Kivu au Burundi, ambaye leo ana hadhi ya ukimbizi, ukaazi wa kudumu au uraia. Wawili hawa wanaweza kukaa dawati moja na kusoma kozi moja, lakini jibu la swali letu haliwezi kuwa moja kwao. Wengi huanza kwa kuuliza ni dola ngapi kwa saa. Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni karatasi ulizonazo, la pili ni miezi ambayo kazi hiyo itaichukua katika masomo yako, na mara nyingi hilo la pili ndilo linalogharimu kuliko mengine yote.

Karatasi

Disney College Program humtaka mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe ameandikishwa katika chuo kinachotambuliwa nchini Marekani au amehitimu huko karibuni, awe amemaliza angalau muhula mmoja, na awe na haki ya kufanya kazi. Kwa mkimbizi, mkaazi wa kudumu au raia, sharti hilo la mwisho halina mjadala, kwa kuwa hata mkimbizi anaruhusiwa na sheria kufanya kazi kwa sababu ya hadhi yake yenyewe. Cedar Point nayo haimdai mtu wa kundi hili zaidi ya vitambulisho ambavyo mwajiri yeyote wa Marekani huvidai.

Kwa mwenye F-1 mambo ni mengine kabisa, na hapa ndipo dhana potofu zinapozaliana. Wanafunzi wengi huamini kwamba likizo ndefu huwafungulia soko la ajira, kumbe ruhusa ya kufanya kazi saa zote wakati wa likizo inahusu kazi za ndani ya chuo tu. Kazi ya nje, iwe Orlando au Sandusky, iwe ya wiki mbili au ya miezi saba, inahitaji kibali. Kinachoangukia hapa kwa kawaida ni kibali cha mafunzo kwa vitendo kijulikanacho kama CPT, ambacho hutolewa na afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako, baada ya mwaka mmoja kamili wa masomo, na kwa kazi iliyo sehemu ya mtaala wako. Ni lazima I-20 mpya, yaani hati ya chuo inayothibitisha hadhi yako ya mwanafunzi, yenye jina la mwajiri pamoja na tarehe za kuanza na kumaliza, iwe mkononi kabla hujavaa sare. Anayesoma usimamizi wa hoteli na utalii anaweza kuonyesha kwa urahisi jinsi kazi ya mapokezi au ya mgahawa inavyoingia kwenye shahada yake. Anayesoma uuguzi au uhandisi wa kompyuta atapata taabu kueleza jinsi kuuza aiskrimu kunavyomfunza fani yake, na afisa makini hatatia saini.

Jambo jingine la kuhesabu ni kwamba anayefikisha miezi 12 ya CPT ya saa kamili hupoteza haki ya OPT, yaani ule mwaka wa kufanya kazi baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo. Msimu mmoja wa Sandusky hauwezi kumfikisha huko. Kipindi kirefu cha Disney kikiongezwa muda, kisha kikaunganishwa na mafunzo mengine uliyowahi kufanya, kinaweza. Kwa hiyo, mwenye F-1 asiyesoma fani inayohusiana na utalii nitamwambia waziwazi kwamba njia zote mbili kwake ni nyembamba mno, na kwamba kazi ya maktaba au ya bwalo la chuo wakati wa likizo, ingawa haina sifa ya kusimulia, haihatarishi hadhi yake. Akiwa anasoma fani hiyo, Disney huwa na faida ndogo juu ya mshindani wake, kwa kuwa mpango wake umepangwa kama mafunzo na ni rahisi zaidi kuutetea mbele ya idara, lakini uamuzi wa kuutambua au kuuhesabia alama unabaki kuwa wa chuo chako peke yake.

Aliyeko nyumbani, akisoma Nairobi au Kampala, hawezi kuingia Disney College Program kwa sababu hajaandikishwa chuo cha Marekani. Yeye njia yake ni ile ya J-1 ya kazi na matembezi wakati wa likizo, inayosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kupitia mashirika yaliyoidhinishwa kuwa wadhamini. Njia hiyo haizidi miezi minne, huangukia likizo kuu ya chuo chake, na imewekewa ukomo wa washiriki 109,000 kwa mwaka duniani kote. Ada yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi na wageni wa aina hiyo, imekuwa dola 35 na ya viza dola 185, mbali na kinachotozwa na mdhamini, ambacho ndicho kikubwa. Bustani za msimu ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa njia hiyo, hivyo Sandusky iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa Eldoret kwa namna ambayo Orlando haiko. Lakini kabla ya kumlipa wakala shilingi moja, na aangalie masharti ya viza kwa uraia wake: tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 lilisimamisha viza za F, M na J kwa raia wa Burundi, na lile la Desemba mwaka huohuo likaiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vikwazo vya aina hiyo. Orodha hizo hubadilika, na ubalozi ndio wa kuulizwa, si wakala.

Kalenda

Vipindi vya Disney College Program huanza ama Januari ama kati ya Mei na Agosti, na huchukua takriban miezi minne hadi saba au zaidi, hivyo ni nadra kipindi kizima kuingia ndani ya likizo bila kugusa masomo. Anayekwenda huacha angalau muhula mmoja, au husoma kozi chache kwa njia ya mtandao akiwa huko, jambo linalowezekana kwa nidhamu kubwa na zamu zisizomalizika usiku wa manane, na zamu za namna hiyo hazikosekani.

Muhula unaoachwa una bei, ingawa hakuna anayekutumia ankara yake. Ufadhili mwingi wa vyuo humtaka mwanafunzi awe anasoma muda wote, na ukiondoka bila barua ya likizo ya masomo unaweza kurudi ukakuta fedha zimekwenda kwa mwingine. Mikopo ya serikali kuu ya Marekani, ambayo mkimbizi na mkaazi wa kudumu wanaweza kuipata sawa na raia, humpa mkopaji miezi 6 ya unafuu baada ya kushuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, na baada ya hapo marejesho huanza. Mwanafunzi anayekaa Orlando miezi saba bila kusoma kozi za kutosha anaweza kuumaliza muda huo wote akiwa bado hajahitimu, na kwa mkopo huohuo hataupata tena. Bima ya afya nayo, kama ulikuwa chini ya ile ya chuo, iulizie mapema. Juu ya yote hayo, kuhitimu kunasogea mbele, na mshahara wa kwanza wa mhitimu unasogea pamoja nako. Mtu akikokotoa hayo kwa uaminifu ataona kwamba dola mbili tatu za tofauti ya mshahara wa saa haziufidii muhula.

Cedar Point haina tatizo hilo. Msimu wake umekatwa kwa kipimo cha likizo ya Marekani: unaingia Mei mitihani ikiisha, unatoka Agosti madarasa yakifunguliwa, na anayesoma karibu anaweza kurudi wikendi za Septemba na Oktoba, bustani inapojaa maonyesho ya kutisha ya Halloween. Mwajiri hupenda wanaobaki, na baadhi ya bustani za msimu huwapa bonasi wanaomaliza tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo soma tarehe hiyo kwa makini usije ukaikosa kwa siku chache.

Desturi hiyo ya wanafunzi ina mizizi. Majira ya joto ya mwaka 1913, Knute Rockne na Gus Dorais, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, walifanya kazi ya uokoaji kwenye ufukwe wa Cedar Point, na saa za mapumziko walizitumia kufanya mazoezi ya pasi ya mbele ya mpira wa Kimarekani. Novemba mwaka huo waliishinda Army, timu ya chuo cha kijeshi cha Marekani, kwa mbinu hiyo, na Rockne akaja kuwa kocha mashuhuri.

Hakuna njia kati ya hizi isiyo na hatari ya kukatika. Machi 2020 Disney iliusimamisha mpango wake kwa ajili ya korona, wanafunzi wakatakiwa kuondoka kwenye nyumba zao kwa muda mfupi, na mpango haukurejea hadi Juni 2021. Cedar Point mwaka huo ilichelewa kufungua hadi Julai. Aliyekuwa ameacha muhula alipoteza kazi na masomo pamoja, na aliyekuwa akingoja msimu alipoteza wiki chache za mshahara.

Pesa

Kima cha chini cha mshahara Florida kimekuwa kikipanda kwa dola moja kila tarehe 30 Septemba, kutokana na kura ya wananchi ya mwaka 2020, na kimepangwa kufika dola 15 mwaka 2026. Katika Walt Disney World kiwango kimesukumwa juu zaidi na vyama vya wafanyakazi, ambavyo mwaka 2023 vilifikia makubaliano ya kuwapandisha wanachama wao hadi angalau dola 18 kabla ya mwaka huo kwisha. Kiwango cha nafasi yako wewe ni kile kilichoandikwa kwenye barua ya ofa, na ndicho pekee cha kupigia hesabu. Ohio ilikuwa na kima cha dola 10.70 mwaka 2025, lakini Cedar Point imezoea kulipa kulingana na uhaba wa watu: mwaka 2021, wafanyakazi walipoadimika, ilitangaza dola 20 kwa saa kwa wenye miaka 18 na zaidi. Bei hiyo haikuwa ahadi ya miaka yote, na anayeisikia leo kutoka kwa kaka yake aliyewahi kufanya kazi huko aichukulie kama historia.

Jambo ambalo waombaji wengi hawalijui, na ambalo mimi ningelitanguliza kuliko kiwango cha saa, ni ovataimu. Sheria ya kazi ya serikali kuu humlazimu mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, lakini sheria hiyohiyo inaziondoa kwenye sharti hilo bustani za burudani zisizofanya kazi zaidi ya miezi 7 kwa mwaka, au ambazo mapato yao yameegemea nusu moja ya mwaka kwa kiasi kilichowekwa. Disney, inayofungua mwaka mzima, haina msamaha huo. Bustani ya msimu inaweza kuwa nao. Chukua mfano wa mtu anayelipwa dola 15 na kufanya saa 55 katika wiki ya Julai: akilipwa ovataimu atapata dola 937.50, na asipolipwa atapata 825. Tofauti ni dola 112.50 kwa wiki moja tu, na mwezi wa Julai una wiki nne za namna hiyo. Muulize anayekuajiri swali moja la moja kwa moja, kwamba saa ya 41 inalipwaje, na ulipate jibu kwa maandishi. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba saa nyingi hupatikana zaidi kwenye msimu mfupi, ambapo mwajiri ana siku mia na kitu za kuvuna mwaka mzima, ilhali Disney hugawa saa kwa ratiba ya kompyuta inayoweza kukupa wiki nono Krismasi na wiki nyembamba Septemba.

Makazi ndiyo yanayokula mshahara wa Orlando. Wanafunzi wa Disney tangu mwaka 2021 hupangishwa Flamingo Crossings Village, mtaa wa nyumba mpya karibu na lango la magharibi la Walt Disney World, wenye vitanda takriban 10,000, majiko kamili na mabwawa ya kuogelea. Kodi yake hukatwa kila wiki kwenye mshahara, na katika miaka ya karibuni kitanda katika chumba cha watu wawili kimekuwa kikigharimu dola 200 na zaidi kwa wiki. Kwa anayepata dola 600 kabla ya makato, theluthi imekwenda kabla hajanunua unga. Mabweni ya wafanyakazi ya Cedar Point ni ya kawaida sana, yana msongamano zaidi na sheria zaidi, lakini makato yake kwa desturi ni madogo. Anayezoea kupika mwenyewe aulize kwanza jiko liko wapi na linatumiwa na watu wangapi.

Kodi za serikali zina mpangilio wake. Florida haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Ohio inatoza, na mji wa Sandusky una yake juu yake. Mwenye F-1 ambaye bado yumo ndani ya miaka yake 5 ya kwanza ya kalenda, na mwenye J-1 wa likizo, hawapaswi kukatwa michango ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida ni asilimia 7.65. Ofisi za mishahara zenye maelfu ya vijana mara nyingine hukata bila kuuliza. Angalia hati ya malipo ya kwanza, si ya mwisho, kwa sababu kosa likirekebishwa na mwajiri wiki ya pili ni jambo la dakika kumi, na likiachwa hadi mwakani litakupeleka kwenye fomu 843 ya kuomba kurudishiwa fedha na miezi ya kusubiri.

Siku ya kazi ilivyo

Disney humhesabu kila mfanyakazi, hadi mfagiaji, kuwa mshiriki wa onyesho. Hii si kauli ya mabango tu, bali inaingia kwenye mwili. Utafundishwa kuelekeza mgeni kwa vidole viwili au kiganja kizima badala ya kidole kimoja, utapewa vazi linalolingana na eneo lako na usilotakiwa kuonekana nalo eneo jingine, na nywele, kucha na vito vyako vitakuwa na kanuni. Kanuni hizo zimelegea, kwani ndevu ziliruhusiwa mwaka 2012 na michoro ya mwilini mwaka 2021, lakini bado ni nyingi kuliko za bustani yoyote ya msimu. Kifuani utavaa kibao chenye jina lako la kwanza na mara nyingi mji wa kwenu, na kibao hicho ni kazi ndani ya kazi: kila baada ya dakika chache mgeni atasoma, atauliza, na wewe utajibu kwa tabasamu lilelile ulilolitumia asubuhi. Kwa mtu mwenye soni huo ni mzigo. Kwa mtu mcheshi ni shule ya mazungumzo isiyo na ada.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana kichekesho chake cha ziada huko. Bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, ina kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, chenye kuta zilizochakazwa makusudi na maandishi ya Kiswahili ya kuwafurahisha watalii, na kutoka hapo magari ya Kilimanjaro Safaris huwapeleka wageni kuona twiga na viboko wa kweli. Hoteli iliyo jirani ina majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village, na migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa. Mwanafunzi kutoka Moshi akipangiwa kuuza vinywaji katika kijiji hicho atasikia matamshi ya ajabu ya lugha yake siku nzima, na atalazimika kuamua kama atasahihisha au atacheka. Asidhani, hata hivyo, kwamba lugha itamhakikishia eneo hilo, kwa kuwa nafasi hupangwa kwa mahitaji ya kampuni.

Sandusky haina maonyesho mengi ya namna hiyo. Watu huenda huko kwa ajili ya mitambo, rolakosta za kupanda na kuporomoka kama Millennium Force ya mwaka 2000 yenye kimo cha mita 94, na kazi ya anayeisimamia ni ya macho na mikono. Treni inaingia, abiria wanashuka, wengine wanapanda, na wewe unapita kila kiti ukivuta mkanda na kusukuma kizuizi cha mapajani kwa kiganja, kisha unasimama mahali pako na kuinua kidole gumba kumwonyesha mwenzako wa kibandani kwamba upande wako uko salama. Dakika chache baadaye unarudia. Ukipitiwa mara moja, mtu anaweza kuumia, hivyo uchovu wa kazi hii ni wa akili kuliko wa miguu. Kwenye Steel Vengeance, rolakosta nyingine ya hapo, simu ziliwahi kupigwa marufuku, na aliyesimama mlangoni alitumia sehemu kubwa ya zamu yake akibishana kwa adabu na watu wazima wasiotaka kuziacha. Upepo wa ziwa ukizidi, mitambo mirefu husimamishwa, foleni inakugeukia wewe, na hapo ndipo unapojifunza kusema hapana bila kupandisha sauti.

Usimamizi wa usalama wa mitambo nao unatofautiana. Ohio hutuma wakaguzi wa Idara ya Kilimo ya jimbo, na iliimarisha sheria yake mwaka 2019 baada ya ajali iliyoua mtu kwenye maonyesho ya jimbo mwaka 2017. Florida huziachia bustani zenye zaidi ya wafanyakazi 1,000 na wakaguzi wao wa kudumu zijikague zenyewe. Kwa mfanyakazi tofauti hiyo haionekani kila siku, kwani pande zote mbili hufundisha kwa ukali.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote mwenye sharti la kidini la mavazi au la muda wa ibada, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 humtaka mwajiri atafute namna ya kulikidhi, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2023 umemwongezea mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba kufanya hivyo kungemgharimu kwa kiasi kikubwa. Ombi hilo lipelekwe mapema, mavazi yangali yanachaguliwa.

Mahali penyewe

Hali ya hewa ya Florida haitamshtua mtu wa Mombasa au Dar es Salaam: joto lenye unyevu, radi za alasiri, na msimu wa vimbunga kuanzia Juni hadi Novemba. Mwezi Mei kando ya Ziwa Erie, kinyume chake, unahitaji koti. Walt Disney World ina bustani nne na wafanyakazi zaidi ya 70,000, imezungukwa na jiji linalokwenda kwa magari, na asiye na gari hutegemea mabasi ya wanafunzi. Sandusky ni mji wa watu wapatao 25,000, uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu uko Cleveland, kiasi cha kilomita 100, na treni za Amtrak hupita usiku. Tangu Novemba 2024 mojawapo ya treni hizo, Floridian, huunganisha Chicago na Miami kwa kupitia Washington, ikisimama Sandusky na Orlando pia, ingawa safari hiyo ni ya kujipa moyo kwelikweli.

Kwenye wasifu, jina la Disney hufungua mazungumzo kwa kila mhoji, na kwa anayetaka hoteli, safari au matukio lina uzito ambao Cedar Point haina. Nje ya sekta hiyo, mhoji atauliza ulifanya nini, na kiongozi wa zamu aliyewasimamia vijana kumi na wawili kwenye mtambo wa Sandusky ana jibu zuri kuliko aliyekaa miezi saba akiuza popkoni Orlando. Bustani ya msimu hupandisha watu haraka, kwa sababu kila mwaka wengi hawarudi, na anayerudi msimu wa pili mara nyingi hukuta amekuwa mkongwe.

Kwa hiyo, mwenye F-1 anayesoma utalii, na ambaye idara yake imekubali kuhesabu kipindi hicho katika shahada, ningemshauri achague Disney, mradi asiongeze muda kupita kile alichoidhinishiwa. Mkimbizi, mkaazi au raia anayehitaji fedha za karo ya Septemba ningemshauri aende Sandusky au bustani nyingine ya msimu iliyo karibu na kwao, hasa kama anaweza kulala nyumbani. Na kama mtu huyo wa pili anaitamani Disney hata hivyo, si lazima aichukue katikati ya masomo: mpango huo hupokea pia waliohitimu karibuni, na anayekwenda baada ya kuvaa joho haachi muhula wowote, na ile miezi 6 ya unafuu wa mkopo ingeanza kwenda vilevile hata angebaki nyumbani. Maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya kipindi kuanza, kwa hiyo anayehitimu Mei aanze kuangalia tangazo akiwa bado kwenye muhula wake wa mwisho, na huku akisubiri jibu, ofa ya msimu aliyonayo asiikatae.